Sweta, Taratibu na Mitambo Mitano

Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi bila huruma, na katika soko la mitumba kila mtu alijipepea kwa chochote alichokuwa nacho, gazeti, kofia, hata jalada la daftari. Watu walibanana kwenye meza za fulana na magauni mepesi. Kwenye meza ya masweta hakukuwa na mtu isipokuwa wawili, na hao wawili walikuwa wameng'ang'ania sweta moja zito la kijani.

"Samahani, dada, hili nimelishika mimi kwanza," alisema mwanamume.

"Wewe umeshika mkono, kaka yangu. Mimi nimeshika sweta," alijibu mwanamke.

Muuzaji alikuwa hajauza hata moja wiki nzima. Alimtazama huyu, akamtazama yule, akajifuta jasho shingoni. "Hebu nielezeni. Mnaumwa homa au mnahama nchi?"

"Kazini kwangu kuna baridi," walisema wote wawili kwa pamoja.

Hapo ndipo walipotazamana sawasawa. Mwanamke aliona mtu mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na macho ya mtu asiyeharakishwa na jambo lolote duniani. Mwanamume aliona gauni la rangi ya machungwa lililomkaa vizuri kiunoni, viatu vya chini, na kishada cha funguo kikubwa kama cha mlinzi wa gereza.

"Bucha?" aliuliza mwanamume.

"Chumba cha seva. Na wewe?"

"Vyumba vya seva, ila vya watu wengine. Naingia, nafunga mitambo, naondoka."

Mwanamke alicheka mpaka akaliachia sweta. Mwanamume akalipa palepale, kisha akamkabidhi lile sweta. "Chukua wewe. Baridi yako ni ya kila siku. Yangu ya kupita tu."

Tusijifanye hatujui kilichofuata. Namba za simu zilibadilishwa, na kabla jua halijazama simu ililia. Huyu mwanamke alikuwa fundi mkuu wa kompyuta katika hospitali kubwa ya mji, na hospitali nzima, kuanzia mfagizi mpaka daktari bingwa, ilimwita Sweta, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona kazini bila sweta, hata siku ambazo lami ilikuwa ikiyeyuka nje. Mwanamume aliajiriwa na kampuni ya kuuza na kufunga seva. Wenzake walimwita Taratibu, nanyi mtaona sababu.

Wiki mbili baadaye makreti mawili yalishushwa kwenye mlango wa nyuma wa hospitali. Nani alikuwa amekaa juu ya kreti moja, amekunja mikono ya shati, anasoma karatasi ya mzigo mstari kwa mstari? Sweta alijikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyepewa zawadi asiyoiomba.

Miezi mitano ikaenda hivyo, ya kazi na ya mapenzi, na simu ndizo zilizokuwa shahidi.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Ndani ya friji langu."

"Umekula?"

"Nimekula kelele za feni."

"Toka nje dakika kumi. Niko getini na mkate na mayai."

"Dakika kumi zako nazijua. Mara ya mwisho ziliisha saa nane."

"Wewe uliniuliza swali, mimi nikajibu."

"Niliuliza kama unanipenda. Jibu lake lina neno moja."

"Lina neno moja, lakini lina sababu nyingi. Ningeanzia wapi?"

Sasa, ili mjue walichokaribia kukipoteza, lazima niwaingize kwenye lile friji. Palikuwa na chumba kidogo ghorofa ya chini, nyuma ya stoo ya mafaili, na ndani yake seva tano, kompyuta kubwa zinazotaka baridi usiku na mchana zisiungue, kwenye makabati mawili. Kabati la kushoto lilikuwa na tatu za zamani, za miaka sita, ambazo Sweta aliziita wazee. La kulia lilikuwa na mbili zilizoletwa na Taratibu, na hizo zikaitwa vijana. Wazee walibaki kuwa akiba, na ndani ya vijana ziliishi mashine pepe thelathini na mbili, yaani kompyuta zisizo na umbo wala waya wa kwao, kila moja ikikaa ndani ya seva kama mpangaji ndani ya nyumba. Mpangaji mmoja aliendesha duka la dawa, mwingine maabara, mwingine mapokezi, mwingine wodi ya wazazi. Uzuri wake ni kwamba mpangaji unaweza kumhamisha nyumba hii kwenda ile huku anaendelea na kazi, na muuguzi anayeandika hatahisi hata mshtuko wa kidole.

Sweta alivianza hivyo vyote miaka saba nyuma, akiwa na kompyuta moja chini ya meza ya mapokezi. Sasa alikuwa na kitengo na wasaidizi wawili. Kitengo hicho kilikuwa fahari yake yote.

Ndipo Mkurugenzi wa hospitali alipomwita. Alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache.

"Umeme wa kabati lako la kulia hautoshi. Mafundi wataubadilisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi. Zile seva mbili zitazimwa kwa saa mbili."

"Jumamosi ni kliniki ya wajawazito, Mkurugenzi. Ukumbi unafurika."

"Najua. Kwa hiyo hakuna idara itakayosimama hata dakika moja. Bodi imechoka na malalamiko. Ikisimama, kitengo chako kitafungwa na kazi itapewa watu wa nje. Sikutishi. Nakwambia kilichoandikwa."

Sweta alitoka pale na kwenda moja kwa moja kwenye friji. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kimoja: kuwatoa wapangaji wote kwa vijana na kuwapeleka kwa wazee huku wanaendelea na kazi. Na hapo palikuwa na tatizo la prosesa, ule ubongo wa kila seva.

Taratibu alilieleza vizuri kuliko mtu yeyote, akiwa amechuchumaa sakafuni na kikombe cha chai mkononi. "Prosesa za vijana zinajua amri ambazo prosesa za wazee hazijawahi kuzisikia. Mashine pepe ikiwashwa kwa kijana, inazoea kutumia zile amri mpya. Ukiipeleka kwa mzee, itaagiza kitu ambacho hakipo. Mtambo hauruhusu. Unagoma."

"Hilo nalijua. Nipe dawa."

"Tunashusha kiwango. Tunaziambia seva zote tano zijitambulishe kwa kiwango cha mzee kuliko wote. Vijana watajifanya hawazijui zile amri mpya."

"Nimelilia seva mpya miaka mitatu, leo unakuja kuzizeesha?"

"Mpenzi, kasi yake utabaki nayo, na nafasi yake yote. Ni amri chache tu zitakazolala. Siku wazee wakistaafu, unapandisha kiwango tena."

Sweta alilizungusha jambo kichwani, akaona halina kasoro. Lilikuwa na usumbufu mmoja tu. Mashine pepe haisomi kiwango kipya mpaka izimwe kabisa, ife kabisa, kisha iwashwe. Kuiambia ijianzishe upya yenyewe kutoka ndani hakutoshi, kwa kuwa huamka na mazoea yaleyale. Kwa hiyo ilibidi waende idara kwa idara kuomba dakika chache. Waligawana, kumi na sita kila mmoja, na kila aliyemaliza moja aliiwekea alama kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni.

Taratibu alizifanya zake kwa siku tisa. Alikaa na wafamasia, akaongea nao, akasubiri foleni iishe, akazima, akangoja, akawasha. Sweta alizifanya zake kwa siku tatu, akamtania kwamba wajukuu watamkuta bado yuko maabara.

Jumatano, siku tatu kabla ya siku yenyewe, walifanya jaribio mbele ya Mkurugenzi na Katibu wa bodi, bwana mwembamba asiyeachana na faili lake. Mashine thelathini na moja zilihama kwenda kwa wazee na kurudi, moja baada ya nyingine, vizuri kabisa. Ya mwisho, ya wodi ya wazazi, ikafika nusu ya safari na kugoma. Maandishi mekundu yakatokea kwenye kioo: prosesa hazilingani.

Sweta alirudia. Ikagoma tena. Jasho jembamba lilimtoka ndani ya sweta.

"Hiyo ndiyo wodi yenyewe ya Jumamosi," alisema Mkurugenzi.

Katibu akafungua faili. "Basi, bodi imepokea barua leo asubuhi." Akamgeukia Taratibu. "Kampuni yenu inaomba kuchukua kazi zote za kitengo hiki."

Taratibu alikuwa ameinamia kioo, macho yake yamekwama pembeni chini, kwenye alama ndogo ya njano. Kisha akasimama wima. "Mpango ni wangu, Mkurugenzi. Kosa ni langu."

Sweta aliyasikia maneno hayo kama mtu anayemwagiwa maji. Alingoja wakubwa waondoke, akamfuata Taratibu kwenye korido.

"Ulijua habari za barua?"

"Sikujua. Nimeisikia pale na wewe."

"Na kosa ni la nani?"

"Nimeshasema."

"Umesema ni lako. Kosa lako, siku ileile barua yenu inaingia. Unaniona mimi mtoto mdogo?"

"Mpenzi, nakuomba fungua kumbukumbu za ile mashine uzisome."

"Usiniite mpenzi kazini kwangu. Miezi mitano umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kumbe unapima chumba changu mtakiingiaje. Nenda. Kawaambie mabosi wako umefanikiwa."

Taratibu alimtazama kwa huzuni ambayo Sweta aliiona na kuikataa, akaokota mkoba wake, akaenda zake kwa hatua zake zilezile ndefu. Mara hii hakugeuka nyuma.

Jioni, nyumbani, Shangazi alikuwa ameinamia cherehani. Ndiye aliyemlea Sweta tangu ana miaka sita, na nusu ya magauni ya mtaa ule yalipita mikononi mwake. Simu ya Sweta ililia juu ya meza. Sweta akaitazama na kuiacha. Ilipolia mara ya nne Shangazi akaichukua.

"Hayupo," alisema Shangazi.

"Nasikia anapumua, Shangazi," sauti ya Taratibu ilisikika.

"Anapumua, lakini hayupo."

"Naomba umwambie asome kumbukumbu. Basi, hilo tu."

Shangazi aliiweka simu chini, akakata uzi kwa meno. "Anataka usome nini?"

"Kumbukumbu za mashine. Kila kilichofanyika kinaandikwa humo, saa ngapi na nani."

"Umesoma?"

"Sina haja. Alikiri mwenyewe mbele ya watu."

"Hm." Cherehani ikaanza tena kukereza, kisha ikasimama. "Mwanangu, mimi mambo yenu ya mitambo siyajui. Lakini mtu anayekusihi usome, hana anachokuficha. Wewe hujakosewa bado. Umekasirika tu."

Sweta alienda kulala na hasira, akaamka nayo, akaenda nayo kazini Alhamisi. Alikalia kiti chake kwenye friji, akafungua kumbukumbu za mashine ya wodi ya wazazi ili apate ushahidi wa kumkomoa mtu. Alitafuta tarehe ya kuzimwa. Haikuwepo. Alitafuta tena. Palikuwa na mstari mmoja tu wa siku ile: imejianzisha upya kutoka ndani, saa saba na dakika arobaini mchana. Na kwenye safu ya mtumiaji paliandikwa jina lake yeye Sweta.

Hapo akakumbuka yote, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Sista Mkuu wa wodi ya wazazi alimpa dakika tatu, akasimama juu yake ameshika kiuno. Kuzima kabisa na kuwasha kulihitaji dakika sita. Sweta alibofya kuanzisha upya, akaona kioo kimerudi, akashukuru, akakimbia kuweka alama mlangoni. Mashine haikufa hata sekunde moja. Iliendelea kuwa na amri za vijana, na pembeni ya kioo ikabaki alama ndogo ya njano inayosema mabadiliko bado yanangoja.

Alama ileile Taratibu aliyoikodolea macho. Aliiona. Alijua imetokana na mkono wa nani. Akasimama mbele ya Mkurugenzi na Katibu na faili lake, akasema kosa ni langu.

Sweta alilia. Mwanzo alilia kwa aibu, kisha akalia kwa kumpenda yule mtu mrefu mpaka kifua kikamuuma, kisha akajikaza kisabuni na kupangusa uso kwa mkono wa sweta. Alipiga simu. Mteja hapatikani. Alipiga ofisini kwao, akaambiwa jamaa ameondolewa kazi ya hospitali tangu jana, yuko kwingine anafunga kamera.

Sasa tazameni mtego aliokuwa ndani yake. Angeweza kwenda wodini kimya kimya, akairekebisha mashine, na Jumamosi kila kitu kingehama salama. Yeye angekuwa shujaa na kitengo chake kingepona. Kosa lingebaki kwa mtu wa nje, na hakuna ambaye angeuliza. Lakini akisema ukweli, angempa Katibu sababu aliyokuwa akiitafuta. Alikaa na hilo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akakata shauri.

Alianzia wodini. "Sista, naomba dakika sita."

"Si nilikupa tatu?"

"Ndiyo maana nimerudi."

Sista Mkuu alimtazama yale macho mekundu, akavuta kiti. "Kaa. Chukua sita. Sisi tutaandika kwenye daftari."

Sweta aliizima mashine. Alingoja mpaka ikafa kabisa, akahesabu kwa sauti, akaiwasha. Ile alama ya njano ikatoweka.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya meza ya Mkurugenzi. Hakukaa. "Kosa la Jumatano lilikuwa langu. Niliharakisha, nikaiwekea alama mashine ambayo sikuizima. Yule fundi alijua na akalibeba. Mashine nimeirekebisha."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. "Ungenyamaza nisingejua."

"Ningejua mimi."

"Barua ya wale watu iko hapa. Unajua umeniwekea nini mkononi?"

"Najua."

Mkurugenzi alisugua kidole gumba. "Nimepasua watu miaka ishirini. Nimefanya kazi na wauguzi wanaosema, daktari usishone, mkasi mmoja sijauona. Na nimefanya kazi na wanaonyamaza. Najua nani namtaka karibu na meza yangu. Jumamosi ni yako. Ikigoma, barua naisaini mwenyewe. Yule mrefu utamhitaji?"

"Namhitaji," alisema Sweta, na akashangaa jinsi neno hilo lilivyotoka bila kumeza mate.

Alimpata mchana katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi, juu ya ngazi, katikati ya masinki na mabomba, akikaza kamera dukani. Watu walikuwa wakipita na ndoo za rangi. Sweta alisimama chini ya ngazi.

"Shuka."

"Bado skrubu mbili."

"Basi nitasema ukiwa hukohuko. Nimesoma."

Mkono wa Taratibu ulisimama juu ya skrubu.

"Ni mimi," Sweta akaendelea. "Niliianzisha upya kutoka ndani. Ulijua, ukanyamaza, ukakubali kuaibika, na mimi nikakutukana kwenye korido. Nisamehe. Sijawahi kukosea mtu namna hii, na sijawahi kumkosea mtu ninayempenda namna hii."

Mhudumu wa duka akasogea. "Dada, sinki hilo unalichukua?"

"Sichukui sinki. Namchukua huyu aliye juu."

Mhudumu akatazama juu, akatazama chini, akasogea hatua mbili na kujifanya anapanga mabomba, masikio yamesimama.

Taratibu alishuka ngazi moja baada ya nyingine. Uso wake haukuwa wa kucheka. "Uliniumiza," alisema. "Si ile ya mabosi na barua. Ile ya kusema miezi mitano nilikuwa napima chumba. Nililala macho."

"Najua. Nami nitalifuta hilo, hata likichukua muda. Lakini wewe nawe, kwa nini hukuniambia pale pale?"

"Mbele ya Katibu? Angekumaliza. Nilitaka usome mwenyewe, urekebishe, basi. Nilifikiri ungesoma siku ileile." Akaguna. "Nilisahau una kichwa kigumu."

"Kampuni yako imesema nini?"

"Niliwaambia juzi usoni kwao kwamba wakichukua kile kitengo wasinihesabu. Wakanipa kamera."

"Kesho saa moja na nusu asubuhi. Nakuhitaji."

"Kesho Jumamosi. Jumamosi si ya kampuni, ni yangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo saa moja nitakuwa mlangoni." Hapo ndipo alipotabasamu, na Sweta akamkumbatia katikati ya masinki, na mhudumu akaangusha bomba.

Jumamosi Taratibu alifika saa moja kasoro robo. Sweta alikuwa amevaa gauni la bluu bahari ambalo Shangazi alilimaliza alfajiri, na juu yake lile sweta la kazi. Nje ukumbi ulikuwa umeshajaa, wajawazito wamekaa kwenye mabenchi, wengine wamesimama, makarani wanaandika. Hakuna aliyejua kwamba nyuma ya stoo ya mafaili watu wawili walikuwa karibu kuhamisha hospitali nzima chini ya miguu yao.

Walianza na mapokezi. Ikahama, na makarani wakaendelea kuita namba. Duka la dawa likahama. Maabara ikahama. Sweta alisoma jina, Taratibu akathibitisha kiwango, Sweta akabofya. Mara hii hakumharakisha. Kila mashine ilipofika kwa wazee, waliikagua ndipo wakashika nyingine.

Saa tatu kasoro dakika kumi ilibaki moja. Mafundi umeme walikuwa wameshawasili mlangoni na bisibisi zao.

"Hii ni yako," alisema Taratibu.

Sweta alibofya. Asilimia arobaini. Sabini. Tisini. Ilipofika tisini na nane ikasimama. Sekunde moja, mbili, tatu. Taratibu alimshika bega. Nne. Kisha kioo kikabadilika, na jina la mashine ya wodi ya wazazi likahamia chini ya seva ya mzee kuliko wote, rangi ya kijani, hai.

Sweta hakuamini. Alinyanyua simu ya ndani. "Sista, mashine yako inaendaje?"

"Inaendaje vipi? Nina mtoto wa kike wa kilo tatu na nusu hapa, namwandika, na wewe unanipigia kuniuliza mashine. Hebu niache nifanye kazi." Simu ikakatwa.

Sweta na Taratibu walitazamana, kisha wakacheka mpaka Taratibu akakaa sakafuni. Yule mtoto aliandikwa duniani katika dakika ileile mashine ilipokuwa njiani, na hata herufi moja ya taarifa zake haikupotea. Vijana wakazimwa saa tatu kamili. Mafundi umeme wakaingia.

Saa nne Mkurugenzi alikuja na Katibu, wote wamejiandaa kwa msiba. "Nimekuja kushuhudia," alisema Mkurugenzi. "Mbona hamjaanza?"

"Tumemaliza, Mkurugenzi," alisema Sweta.

"Mmemaliza lini? Nimepita ukumbini sasa hivi. Hakuna hata mmoja anayelalamika."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Katibu alitazama kabati la kulia, lililokuwa wazi, limezimwa, nyaya zinaning'inia, na mafundi wawili wamo ndani mpaka mabegani. Aligeukia kabati la kushoto, ambako wazee watatu walinguruma na hospitali nzima tumboni. Akafunga faili.

"Barua ile," Mkurugenzi akamwambia, "ijibiwe leo. Kitengo kinabaki. Andika pia kwamba kinahitaji mtu wa nne." Akamtazama Taratibu kutoka kichwani mpaka viatuni. "Mtu asiye na haraka." Akatoka, Katibu nyuma yake.

Sweta aliegemea ukuta. Miaka saba yake ilikuwa salama, na alitaka kupiga kelele ya furaha, ila mafundi umeme walikuwa wanashika nyaya.

"Nina jambo," alisema Taratibu.

"Sema."

"Nataka kukuoa."

Sweta aligeuka. "Hivyo tu? Wewe? Bila kuanzia mbali?"

"Nimeanzia mbali miezi mitano. Leo nimefika."

Fundi umeme mmoja alitoa kichwa kabatini, akaona hali, akakirudisha.

"Nina sharti," alisema Sweta. "Usibebe tena kosa langu bila kuniambia. Niambie hata kama nitanuna."

"Na wewe upokee simu, hata kama umenuna."

"Nitapokea."

"Basi?"

"Basi ndiyo. Ndiyo, na kesho uje kwa Shangazi, usingoje mwezi ujao."

Walitoka kwenda kuota jua, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Njia ilipita katikati ya ukumbi. Foleni zilikuwa zinasogea, makarani wanaita namba, mwanamke mmoja analalamikia benchi. Sweta alipita katikati yao akiwa amewapenda wote, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

"Hawajui," Taratibu alinong'ona. "Mashine zao zote zimehama wakiwa wamekaa hapahapa. Tuwaambie?"

"Waache. Hawataelewa."

"Basi tuwaambie la pili."

Na mtu yule ambaye hakuwahi kupaza sauti tangu wajuane alisimama katikati ya ukumbi wa hospitali na kusema kwa nguvu, "Jamani, samahani. Huyu dada amekubali kuolewa na mimi, sasa hivi."

Mjamzito mmoja kwenye benchi la mbele akapiga kigelegele, mwenzake akampokea, na ukumbi mzima ukaitikia, makarani wakipiga meza, Sista Mkuu akichungulia mlangoni kuuliza kulikoni. Sweta alificha uso kifuani kwa Taratibu, akacheka na kulia kwa pamoja. Watu mia mbili walimshangilia asubuhi ile, wakidhani wanampongeza kwa jambo moja, naye akazipokea pongezi zao kwa yote mawili.